Saba Ni Moja

Ilianza na saa ya Mwalimu Kilango,
yenye mkanda wa chuma, inayobaki nyuma dakika nne kwa siku.
Nikavaa lenzi, nikainamia taa,
nikaziona tarakimu zote kumi na mbili
zimekaa duara kama watu waliozunguka sinia,
na katikati, palipo na mishale,
moshi.
Nikafuta kioo. Nikafuta lenzi. Nikafuta jicho.
Moshi ukakaa.

Kisha nondo za dirisha zikaanza kupinda.
Nondo zile nilizipima mwenyewe kwa rula
mwaka niliohamia Ngamiani, Barabara ya Kumi na Moja;
zilinyooka kama alifu.
Nikamwita Mishi, mjukuu: "Nani kazikunja?"
Mtoto akazishika moja moja.
"Babu, hazijakunjwa."

Mtaani wakasema fundi siku hizi anaringa:
anampita Mzee Shekue bila salamu,
mpaka Shekue akohoe.
Wengine wakasema ni jini, maana Magharibi ikiingia
naona maua ya zambarau yakichanua ukutani,
petali kwa petali, mazuri, hayana harufu.
Jirani akaleta kombe. Nikanywa kwa heshima.
Maua yakaendelea.

Bombo, Daktari Semboja akanitia dawa ya kupanua mboni,
akachungulia kama mimi ninavyochungulia saa.
"Ni makula," akasema.
Nikadhani ananiuliza nimekula nini.
"Ni kitovu cha pazia la nyuma ya jicho.
Umri unakichakaza. Na sigara zako, fundi, zimeusaidia umri.
La kulia ni kavu, linakwenda polepole.
La kushoto lina majimaji, mishipa inavuja. Hilo halingoji."
Na maua?
"Si jini, wala si wazimu.
Ubongo ukikosa picha, hujichorea."

Nikauliza swali la kifundi: "Spea ipo?"
Akanyamaza, kama ninavyonyamaza mimi
mteja aletapo saa iliyolala kisimani.
"Spea hakuna. Kilichobaki tutakilinda."

Sindano ndani ya jicho!
Niliposikia, miguu ilitangulia mlangoni.
Lakini ni ganzi, kisha mbano, kisha basi;
kujaza saa ufunguo huchukua muda zaidi.
Nimeshachomwa mara tano.
Moshi haukuondoka. Haukuongezeka pia,
na hilo nimejifunza kuliita habari njema.

Sasa mlangoni mwa kabati pana karatasi ya miraba.
Kila asubuhi nafunika jicho moja, kisha la pili;
mstari ukicheza, siku hiyohiyo ni Bombo,
hata kama ni siku ya harusi.
Chai ya rangi naipata kwenye kikombe cheupe,
wali kwenye sahani ya buluu.
Mchicha leo, kisamvu kesho:
daktari alisema ni msaada, Mwanakheri anasema ni dawa,
na mimi sijamsahihisha mtu.
Sigara nimeacha.
Ile moja ya Idi siihesabu. Yeye anaihesabu.

Muuguzi ndiye aliyenifundisha:
"Usikitazame unachokitaka.
Tazama pembeni yake, kiache kije."
Njia nzima ya kurudi nikawa nacheka.
Mshale mfupi ukisimama kwenye saba,
Mswahili gani atasema saba?
Tunatazama saba, tunasema moja.
Tangu utoto tunasoma ng'ambo
ya pale tunapotazama.

Saa ya Mwalimu bado iko rafuni.
Naisikiliza. Bado inabaki nyuma.

Mwanakheri nikimkabili, hana uso.
Ana shungi, ana hereni,
ana sauti inayouliza kama nimetia tone la jioni.
Jana nilikazia hereni yake ya kushoto,
nikatulia, nisihamishe jicho,
na uso ukaja, taratibu, ukasimama ukingoni:
kidevu, mwanya, ile kunyanzi ya kunishuku.
"Unatazama nini wewe?"
"Hereni," nikamjibu.